Nyumba Iliyonukia Limau

Palikuwa na mama mmoja huku milimani, mke wa kitinda mimba, ambaye kwa miaka tisa hakununua sabuni dukani. Mnaijua desturi yetu. Wakubwa huondoka wakajenga mbali, na mdogo ndiye anayeachiwa kihamba cha baba, lile shamba la migomba lenye nyumba ya wazazi na makaburi ya wazee. Anayeachiwa kihamba huachiwa na mama. Na kwa kuwa mwanamume yuko safarini na lori wiki tatu katika nne, anayebaki na mama mkwe ni mke wake.

Sabuni yake aliitengeneza mwenyewe. Maganda ya ndizi aliyaanika juu ya bati mpaka yakakauka yakawa meusi, akayachoma, akayatia majivu kwenye ndoo yenye matundu chini, kisha akamimina maji ya mvua, kata moja moja, bila haraka. Chini yalidondoka maji ya rangi ya chai. Maji hayo ni makali. Ukitumbukiza unyoya wa kuku, yanaula. Aliyapika pamoja na mafuta ya ng'ombe kutoka buchani, akikoroga kwa mwiko tangu asubuhi mpaka watoto wanarudi kutoka shule, mpaka sufuria ikashika uji mzito wa kahawia. Hiyo ilikuwa ya kusugulia. Ya kupangusia ilikuwa nyingine: maganda ya malimau yaliyolowekwa wiki mbili kwenye siki ya ndizi, yakachujwa, yakaongezwa maji ya mchaichai.

Chupa za limau alizipanga dirishani. Jua la asubuhi lilipopita ndani yake, mabaka ya njano yaliangukia sakafu, yakatambaa polepole kuelekea jikoni. Kuna siku alikaa tu akiyatazama, mikono mapajani, mpaka chai ikapoa.

Jirani yake alikuwa akimtania. "Mama wewe, siku moja utatuosha na sisi."

"Nikuoshe wewe? Ndoo nzima itaishia shingoni."

Lakini hakuianza kazi hiyo kwa mchezo. Aliianza kwa ajili ya mama mkwe wake, kwa sababu dawa za dukani, zile zinazochoma pua, zilimbana bibi kifua akakohoa usiku kucha. Kwa hiyo alitafuta kitu ambacho hakitamdhuru. Akakipata shambani kwao wenyewe, kwenye takataka za jikoni. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba kilichotoka kwenye mgomba na mlimau wa nyumbani hakiwezi kumuumiza mtu wa nyumbani.

Hilo nalo mliweke moyoni. Ndoo yake haikuwa na sumu.

Sasa, bibi huyo alikuwa haoni. Macho yalififia kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta, na huu ulikuwa mwaka wa sita tangu yazimike kabisa. Hata hivyo aliishi peke yake katika nyumba aliyojengewa na mumewe, juu kabisa ya kihamba. Mkwe wake, yule mama wa sabuni, alikaa chini, karibu na barabara, mwendo wa dakika ishirini, na alipanda asubuhi na jioni. Alipeleka maziwa na maji. Alimuuliza bibi umekula nini, umelalaje, goti linaendeleaje. Siku za mwanzo alijaribu kumshika mkono.

"Mama, nikuongoze?"

"Uniongoze wapi?" bibi akamwambia. "Humu mgeni ni wewe. Mimi ndiye wa kukuongoza."

Na kweli alimwongoza. Bibi alitembea ndani ya nyumba ile na sinia la vikombe mikononi, bila fimbo, bila kupapasa ukuta. Kila alipofika mlangoni alisimama kidogo, akainua kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo unaoimbwa mbali, kisha akaingia. Kati ya ukumbi, penye milango ya vyumba vyote, na sebule palikuwa na ngazi moja ya mbao ya kushuka, mahali ambapo wageni wenye macho yao mawili walijikwaa. Bibi hakuwahi kujikwaa. Mkwe alijiambia kwamba lazima anahesabu hatua. Wengine walisema ni Mungu. Katika miaka sita, hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Ninyi mngemuuliza?

Krismasi ya mwaka mmoja familia yote ikapanda mlimani. Mwana mkubwa alitoka mjini na mkewe na watoto. Alikuwa mtu mwema, hilo lieleweke. Kila mwisho wa mwezi alimpigia mama simu hata kama hana la kusema. Lakini safari hiyo aliangalia kuta. Zilikuwa nyeusi kwa moshi tangu juu hadi chini. Alimwona mende kwenye kikombe. Aliona mama yake anaegemea ukuta kisha anatoka na doa la masizi kwenye kitenge cheupe, na hajui.

Akawaita ndugu zake nje, kwenye migomba.

"Mama hawezi kuishi hivi," akasema. "Nampa mwaka mmoja. Krismasi ijayo nikiikuta nyumba katika hali hii, nahama naye. Kwangu kuna chumba."

Chumba hicho kilikuwa ghorofa ya tatu. Bibi aliwahi kukaa huko wiki mbili. Aliporudi alisema kwamba kule ardhi iko mbali sana na miguu, na kwamba alikaa kitini siku kumi na nne kama kifurushi kinachosubiri mwenyewe aje akichukue. Alipoambiwa uamuzi wa mwanawe hakupiga kelele. Alimwita mkwe wake jioni ile ile.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi baba yenu amelala hapo nyuma ya stoo. Mahali pangu pako ubavuni kwake. Nataka nitoke humu nikielekea pale, si kwingine. Utanisaidia?"

"Nitakusaidia, mama."

Alimaanisha. Mwaka mzima aliweka akiba ya majivu. Mwezi wa Novemba alipika sabuni sufuria tatu. Chupa za limau zilijaa dirishani, zikapangwa na sakafuni, na nyumba yake ikawa na mwanga wa njano kutwa nzima. Wiki ya Krismasi bibi alialikwa ng'ambo ya mto, kwa dada yake, kwenye ubatizo wa mjukuu. Angekaa huko siku tatu, na mwana mkubwa angempitia kwa gari siku ya kuja.

Jirani alimwona mkwe akipanda na ndoo mbili na mzigo wa matambara kichwani.

"Unaenda kusafisha soko?"

"Naenda kwa mama. Sitaki aujue mpango wangu mpaka arudi."

"Na wewe nawe! Umshtukize kipofu kwa ukuta mweupe?"

"Ukuta si wa kwake. Ni wa hao wanaokuja kuangalia."

Aliona amejibu vizuri. Jirani alicheka, kila mmoja akashika njia yake.

Siku hizo tatu ukungu haukuinuka. Ulikaa kwenye migomba, ukaingia madirishani, ukafanya nyumba ionekane kama kitu kinachokumbukwa tu. Mkwe alianza na jikoni. Alipaka sabuni ya majivu ukutani, akaiacha ikae, akasugua kwa brashi, akapangusa kwa maji ya limau. Ukuta ukilowa una tabia moja, nadhani kina mama mnaifahamu: hutoa harufu yake yote kwa mara moja, ndipo iondoke. Moshi wa miaka arobaini ulimzunguka. Alisikia ndani yake kuni za mgrevilea, maharage yaliyoungua, maziwa yaliyofurika. Kisha limau ikaja juu, na moshi ukaisha.

Akaenda stoo. Magunia ya kahawa yalikuwa yameegemea ukuta ule tangu enzi za ushirika, na mbao zilikuwa zimeinywa kahawa hadi ndani. Alisugua. Kahawa ikapanda, ikajaa chumba, ikamlegeza. Alikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza kwa muda asioujua, akisikia kama watu wanapita nje na mizigo mgongoni wakizungumza kwa sauti ya chini. Alipoinuka, stoo ilikuwa inanukia limau.

Chumbani kwa bibi palikuwa na harufu ya kafuri, ile ya kuzuia nondo kwenye nguo. Alifungua sanduku, akafua nguo, akapangusa sanduku ndani na nje. Mlango wa chumba cha marehemu ulikuwa na ugoro. Mzee alikuwa na mazoea ya kusimama pale akijipigia ugoro kabla ya kutoka, na vidole vyake viliacha alama kwenye fremu, kahawia, usawa wa kifua cha mtu mrefu. Alipoimwagia maji fremu ile, baba mkwe alikuja. Sisemi kwamba alimwona. Nasema alikuja, jinsi harufu inavyomleta mtu, akasimama mlangoni kwa kitambo. Mkwe alishusha brashi. Akafikiria kuiacha fremu ilivyo. Kisha akakumbuka mwana mkubwa anavyopitisha kidole ukutani na kukitazama, akaendelea.

Mwisho ilikuwa ngazi ya mbao. Pale juu, kwenye rafu, ndipo kibatari kilipokuwa kikiwekwa, na mafuta ya taa yalidondokea ngazi ile miaka na miaka mpaka ubao ukawa mweusi unaonata. Doa hilo lilimpa shida kuliko yote. Aliliwekea majivu makavu yakae usiku kucha, asubuhi akalisugua akiwa magotini mpaka ubao ukawa mweupe kama uliopigwa randa jana. Akainama akainusa. Limau tupu, na mchaichai kwa mbali.

Alipofunga mlango, nyumba nzima, tangu jikoni hadi chumba cha mwisho, ilikuwa na harufu moja.

Siku ya siku gari liliingia. Mwana mkubwa alishuka na mama yake, na kwa kuwa wajukuu walikuwa wamemng'ang'ania bibi huku na huku, waliingia wote pamoja kama kundi, wakampeleka moja kwa moja kwenye kiti chake cha sebuleni. Bibi alikaa. Akainua kichwa. Akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia.

"Pamenukia," akasema.

"Umependa, mama?" mkwe akauliza.

"Pamenukia," bibi akarudia.

Wifi mtu, binti wa nyumba ile, alikuwa amesimama katikati ya sebule na mikono kichwani. "Jamani! Kumbe ukuta huu ni wa kijani? Nimezaliwa humu na sikujua!"

Mwana mkubwa aliwaacha hapo. Alizunguka nyumba yote. Alipitisha kidole ukutani, akakitazama. Alifungua kabati, akachungulia vikombe. Aliporudi alisimama mbele ya mke wa mdogo wake.

"Shemeji," akasema, "mwaka jana nilisema neno. Leo nalifuta mbele ya watu wote. Mama atabaki kwake."

Mnaiona furaha ya mama yule? Mwaka mzima wa majivu. Mikono imepasuka mpaka kwenye viganja. Na sasa neno limetoka, na aliyelitoa ndiye mwenye neno. Macho yalimjaa machozi akatazama chini.

Bibi naye alitabasamu. Akasimama, akajinyoosha kitenge.

"Basi," akasema, "mtoto wangu wa kwanza anywe kahawa kutoka mkononi kwangu. Kaeni."

Wakakaa. Bibi akapanda ile ngazi akielekea ukumbini. Kupanda kulikuwa rahisi kwa sababu sauti zao zilikuwa mgongoni kwake na zilimsukuma. Akafika kwenye milango. Akasimama, akainua kichwa kama ilivyokuwa kawaida yake. Akasubiri.

Aliendelea kusubiri.

Sebuleni mazungumzo yalipungua moja baada ya jingine. Bibi alisogea mlango wa kwanza, akainua kichwa. Akasogea wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo mkwe hakuwahi kumwona akilifanya: alinyoosha mkono, akapapasa ukuta. Akaingia chumba cha marehemu mumewe. Walisikia akijigonga kwenye kitanda. Akatoka, akaingia stoo akiita, "Jikoni? Hapa ni jikoni?" kana kwamba jikoni ni mtu anayeweza kuitika. Akatoka tena. Sasa alikuwa anarudi kwenye sauti, lakini sauti zilikuwa zimenyamaza kwa hofu, na kwa kunyamaza zilimnyima hata hicho kidogo. Alifika kwenye ngazi bila kujua ni ngazi. Mguu ulitafuta sakafu, haukuikuta.

Alianguka kwa magoti na viganja, mbele ya wanawe wote.

Hakuvunjika. Mwana mkubwa alimfikia kwanza, akamwinua, akamkalisha. Bibi hakuzungumzia goti wala mkono. Aligeuza uso wake upande ambao alifikiri wapo.

"Nyumba yangu mmeipeleka wapi?"

"Ni hii hii, mama. Uko kwako."

"Siko kwangu. Kwangu jikoni kuna moshi. Stoo ina kahawa. Chumbani kwangu kuna kafuri, na kwa baba yenu kuna ugoro wake, nikipita namsalimia. Na hapo pa kushukia pana mafuta ya taa. Nikisikia mafuta ya taa, mguu unajua." Akavuta pumzi kwa pua. "Hapa ni limau. Mbele limau, nyuma limau. Nitajuaje niko wapi?"

Hakuna aliyemtazama mkwe, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

"Tuzirudishe harufu, basi," wifi akasema kwa haraka. "Tuwashe moto. Mafuta ya taa yako dukani, tumwage pale pale. Kahawa ipo."

"Na ya baba yako utaitoa duka gani?" bibi akamuuliza.

Mwana mkubwa alikuwa amepiga magoti, ameshika mikono ya mama yake, anaitazama ile michubuko. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya mtu aliyeshinda.

"Mama, nikikuacha hapa nitapigiwa simu niambiwe umeanguka, na mara hiyo hutainuka. Siwezi. Jumatatu tunaondoka wote."

Mkwe alitoka nje. Alikwenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Mnajua nguvu ya jani hilo. Anayekujia nalo mkononi, hata kama amekuvunjia nyumba, huwezi kumnyima msamaha. Alirudi akapiga magoti kwenye ile sakafu aliyoisugua yeye, akaweka isale katika viganja vya mama mkwe wake.

Bibi alilipapasa. Akalitambua fundo.

"Mama, ni mimi," mkwe akasema. "Nilitaka ubaki. Sikujua."

"Najua ulitaka nibaki." Bibi aliweka mkono kichwani kwake, akauacha hapo. "Nimekusamehe, mwanangu. Nimesamehe kabisa, sina kinyongo hata cha punje. Sasa simama unishike mkono unipeleke chooni, maana sijui ni wapi."

Wapendwa, msamaha alipewa. Alipewa papo hapo, mzima, haukukatwa hata kipande. Na Jumatatu gari liliondoka na bibi akiwa ndani yake.

Sasa tafuteni kosa la mama yule. Mtalipata kwenye sabuni? Ilikuwa sabuni nzuri, natamani kina mama wa hapa mjifunze kuipika. Mtalipata moyoni? Alimpenda mama mkwe wake kuliko wengi wetu tunavyowapenda mama zetu wa kuzaa. Mtasema alikuwa mvivu, na mikono imepasuka vile? Alipanda mlima ule mara mbili kwa siku, miaka sita. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi alisimama mbele ya bibi yule na kuongea naye. Alimuuliza kila kitu isipokuwa kimoja: mama, unaijuaje nyumba yako? Lingemgharimu dakika moja. Bibi angemjibu akicheka.

Na sisi je?

Sisi tunaona masizi ya mwenzetu kwa sababu tuna macho, na tunadhani kwa kuwa tunayaona basi tumemwona yeye. Binti anaingia kanisani hapa na maisha yake, tunafurahi, tunamkaribisha kwa nyimbo. Wiki ya kwanza tunamwambia aachane na rafiki zake. Wiki ya pili abadili mavazi, asiongee tena na shangazi yake anayetambika. Hakuna tunachomfanyia kwa ubaya, ndoo yetu ni safi. Mwezi wa tatu tunamkuta amesimama katikati yetu hajui aelekee wapi, tunanong'onezana kwamba imani yake ni haba. Hatukumuuliza kama shangazi yule ndiye mtu pekee aliyewahi kumfungulia mlango.

Mjane anazika leo, na siku ya nne tumeshafua shuka alizolalia marehemu, tumeshagawa mashati yake. Tunasema tunampunguzia maumivu. Usiku anatafuta kitu cha kunusa, hakipo.

Mwenzetu anapokuwa gizani, anatembea kwa alama ambazo sisi hatuzioni, na baadhi yake zinafanana sana na uchafu. Sisemi uchafu uachwe. Bibi angekubali jikoni kusuguliwa, na mende afe. Nasema tambara lisiloweshwe kabla ya swali. Msamaha tutaupata, Mungu ni mwingi wa rehema na watu wetu wana mioyo mikubwa. Lakini tukishasamehewa, yule tuliyemsafisha bado hajui mlango wake uko wapi, na hilo tutakwenda nalo.

Namalizia. Katika matangazo mmesikia kwamba Jumamosi hii umoja wa wanawake na vijana wanakwenda kwa mzee Anaeli, ambaye mke wake tulimzika mwezi uliopita, kumfanyia usafi mkubwa wa nyumba. Ndoo zimepatikana. Sabuni imechangwa, majina ya watu ishirini na wawili yamo kwenye orodha, nami nimo. Jana nilimuuliza katibu kila kitu kuhusu safari hiyo. Kisha nikamuuliza nani amezungumza na mzee mwenyewe, akanitazama, nami nikamtazama, maana hata mimi sikuwa nimezungumza naye.

Mzee Anaeli yuko hapa, benchi la tatu upande wa dirisha. Mzee, shikamoo. Usisimame, kaa tu ulivyokaa. Jumamosi tukija nyumbani kwako, ni nini ungependa tukiguse, na ni nini tusikiguse kabisa?

Hatuna haraka, mzee. Tunakusikiliza.